Godoro la hewa la pampu: lenyewe ni poa, maneno ya muuzaji ndio shida

Tumelitumia miezi mitano sasa, tulimnunulia mzee baada ya stroki kumshika upande wa kushoto, duka moja huko tao, 9,000, na boda akatuletea mpaka Umoja siku hiyo hiyo. Godoro sina neno nalo. Vijimfuko vyake vinajaa na kushuka kwa zamu ndio uzito usikae pahali pamoja, pampu haina kelele na haili stima sana.

Kilichoniuma ni muuzaji kutuambia "na hili hamtahitaji kumgeuza tena", sisi tukaamini. Wiki ya tatu nikimwosha nikaona alama kwa kisigino na ingine juu ya makalio penye mfupa, na kwa ngozi yetu nyeusi hiyo kitu haikuwa nyekundu vile watu husema, ilikuwa imeiva weusi kuliko pembeni, iko na joto, ukigusa ni ngumu kama avokado haijaiva. Mzee akasema hasikii uchungu, tumwache alale chali aone TV. Kila siku tulikuwa tunamwambia ako kwa hatari ya kidonda cha kulalia pahali pamoja na halikumwingia, kwake kidonda ni kitu kinatoka damu.

Nesi wa kuja nyumbani ndiye alimfanya aelewe. Alimpiga picha mgongo na simu akampa aone, akanyamaza sana, halafu akauliza, "Huyu ni mimi?" Tangu siku hiyo ni yeye anatuita, amejipangia na habari za redio, kila masaa mawili anasema nigeuzeni. Tunamlaza ubavu kidogo tu, mto nyuma ya mgongo, mwingine chini ya miguu visigino visiguse kitu. Na mama alikuwa anapasugua na mafuta kila jioni, maskini, akidhani anasaidia, nesi akasema penye pamebadilika rangi hapakandwi.

Ukinunua, tandika shuka moja tu juu, si blanketi na nailoni. Pitisha kiganja chini ya godoro penye makalio, ukisikia mfupa umekukalia hewa haitoshi. Stima ikipotea linaweza kushuka, kwa hivyo liweke juu ya godoro la kawaida, na usingoje irudi ndio umgeuze.

Alama ya juu ya makalio imeisha, ya kisigino bado tunaiangalia asubuhi na jioni. Godoro napea nyota nne. Hilo duka sirudi, kuna mtu ameambiwa maneno hayo hayo leo na mgonjwa wake amelala chali.