Viza ya Mtegemezi: Kuomba Ukiwa Ugenini au Kurudi Kwanza?

Aliyeingia nchi ya kigeni kwa viza ya matembezi, kisha akataka kubaki na mwenzi wake, ana njia mbili za kupata viza ya mtegemezi, yaani ya kuishi na mwenzi aliyeko huko: kuomba akiwa humohumo, au kurudi kwao na kuomba kupitia ubalozi.

Njia ya kwanza huvutia kwa kuwa haitenganishi familia, lakini si kila nchi inayoiruhusu. Uingereza haimruhusu mgeni wa matembezi kubadili aina ya viza akiwa ndani, hata akiwa na cheti cha ndoa mkononi. Kanada hupokea maombi ya wenzi wanaoishi pamoja nchini. Marekani nayo humruhusu mwenzi wa raia, aliyeingia kihalali, kuomba ukaazi bila kuondoka, ingawa akisafiri kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, ombi lake kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeachwa. Wala kuwasilisha ombi pekee si ruhusa ya kufanya kazi, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kurudi kuna nauli na miezi ya upweke. Hata hivyo, vyeti hufuatiliwa kwa urahisi zaidi, na tarehe ya mwisho wa kukaa iliyogongwa kwenye pasipoti haikukimbizi. Siku zilizobaki zikiwa chache, mimi ningerudi.