Kadi za visawe vya vitenzi: zinafaa, lakini kaa na kalamu karibu

Binti yangu ana mtihani wa kujiunga na shule mwezi ujao, na sehemu inayomtoa jasho ni ya visawe. Wanampa sentensi, kitenzi kimoja kimepigiwa mstari, chini yake maneno manne, achague lenye maana iliyo karibu zaidi. Mimi ni muuguzi, zamu zangu hazitabiriki, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kushika mkononi kwa dakika kumi kumi, sio kitabu kinene cha kukaa mezani. Nikanunua boksi la kadi za visawe vya vitenzi. Tumezitumia wiki sita, karibu kila siku.

Kadi ni 120, kila moja inaenea kwenye kiganja. Mbele kuna kitenzi kwa herufi kubwa, nyuma visawe vitatu au vinne, basi. Karatasi yenyewe ni imara, zimeanguka chini mara nyingi na pembe hazijakunjika. Kasoro ya umbo lake ni moja: ukiinua kadi kwenye mwanga, maandishi ya nyuma yanaonekana. Binti yangu aliligundua hilo siku ya pili, nikaanza kuzishika mimi.

Kwa kuongeza msamiati, nazisifu bila kusita. Mwanzoni nilimuuliza kisawe cha "danganya" akaniangalia tu. Baada ya wiki mbili ananipa hadaa, laghai, ghilibu bila kuvuta pumzi. Kadi ya "iba" ndiyo iliyotupa raha zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna pora, kwapua na chopoa, na akataka kujua kama ni kitu kilekile. Tukaigiza. Mkoba wangu ukanyakuliwa begani na mwizi akatimua mbio: hapo umekwapuliwa. Simu ikatolewa mfukoni taratibu bila mimi kuhisi: imechopolewa. Akanitishia kwanza ndipo akachukua: amenipora. Tangu siku hiyo hajayachanganya. Ila uigizaji huo tuliubuni wenyewe. Kadi haikusema neno.

Na hapo ndipo penye shida yangu kubwa. Kadi inakupa maneno kana kwamba yote ni sawasawa, wakati mtihani unapima tofauti zake.

Jioni moja alikuwa na kadi ya "choma". Nyuma: unguza, teketeza. Akaitazama, akanitazama mimi na sare yangu ya kazi. "Mama, si huwa unasema umechoma watu sindano? Kwa hiyo unawaunguza?" Nikakaa chini. Kazini tunasema kuchoma sindano, kupiga sindano, kudunga sindano, yote kwa siku moja, na hakuna anayeungua. Kisawe cha choma kwenye sindano ni dunga. Kwenye nyumba iliyoshika moto ni teketeza. Na ukisema maneno ya fulani yamenichoma, kisawe ni umiza. Kitenzi ni kimoja, lakini kila kinapokaa na nomino nyingine kinabadilisha ndugu zake. Kadi hazina hata sentensi moja ya mfano, kwa hiyo mtoto anayejisomea peke yake hawezi kulijua hilo.

Siku nyingine aliandika kwenye daftari kwamba babu yake "ameikamata dini", kwa sababu kadi inasema shika ni kamata. Akaandika pia kwamba kuku wa jirani "alifariki". Sikumlaumu: kadi ya "fa" imeweka fariki na aga dunia pamoja, bila kumwambia kwamba hayo tumewawekea watu, kwa heshima. Kuku anakufa.

Kadi ya "kopa" imeandikwa azima. Pesa unakopa, kitabu unaazima, na azima yenyewe inakwenda pande zote mbili: nimeazima kitabu chake, tena niazime kitabu chako. Hii ningeiondoa kabisa kwenye boksi.

Halafu kuna mnyambuliko, ambao kadi zimeusahau wote. Visawe vimeandikwa katika umbo la msingi tu: amuru, agiza. Kwenye mtihani wa majaribio alikutana na "Askari waliamriwa kurudi kambini", na majibu yakiwa waliagiza, waliagizwa, waliomba, waliruhusiwa. Jicho lake likakimbilia waliagiza, kwa sababu ndilo lililofanana na kadi. Akakosa alama kwa neno analolijua vizuri. Tangu hapo kila kadi naigeuza kauli kabla ya kuuliza: sio amuru, bali ameamriwa, sio danganya, bali wamedanganyana.

Jambo jingine nililiona kwa kusahihisha madaftari yake. Jozi nyingi za visawe katika Kiswahili zina neno moja la Kibantu na jingine lililotoka Kiarabu: elewa na fahamu, waza na tafakari, taka na hitaji. Maana zinakaribiana, ingawa unaweza kutaka usichokihitaji, lakini hayageuki kwa namna moja. Elewa ukilikanusha linakuwa haelewi, ila fahamu linabaki hafahamu. Mwanangu alikuwa anaandika "hafahami", akijua kabisa neno ni sahihi na asielewe kwa nini limepigwa alama nyekundu. Nilipomwonyesha kwamba vile vinavyoishia na u, i au e havibadilishi mwisho wake, alizichukua kadi zote 120 akazigawa mafungu mawili sakafuni. Ilimchukua zaidi ya saa nzima, na sikumsaidia.

Kama unafikiria kuzinunua, zinunue kama una mtu wa kukaa na mtoto. Sisi tumejiwekea utaratibu wa kulitia neno jipya ndani ya sentensi ya zamani na kulisoma kwa sauti. Sikio likikataa, neno linatupwa. Mtoto akiachiwa boksi peke yake atakariri orodha, na orodha ndiyo hasa wanaotunga majibu ya kumtega wanayoitegemea. Kwa watengenezaji nina ombi moja tu la dhati: nyuma ya kadi kuna nafasi tele, wekeni sentensi mbili.

Sisi tumeshaanza kuijaza nafasi hiyo wenyewe. Kadi ya choma ina mwandiko wake sasa: sindano, dunga, nyumba, teketeza, moyo, umiza. Inayotushinda ni ya "piga". Kiwandani wameandika chapa, charaza, tandika. Yeye ameongeza piga pasi, nyoosha. Piga mbizi, zamia. Piga hodi, bisha. Nafasi ikaisha, tukabandika karatasi ya pili kwa gundi, na jana usiku ameniletea piga simu.