Kifaa cha kupima uthabiti wa vipandikizi vya meno: kipi ununue

Kabla ya kulinganisha bei za mashine, uliza bei ya vijiti, vile vipande vidogo vinavyofungwa kwenye kipandikizi wakati wa kupima. Mashine inanunuliwa mara moja, kununua vijiti hakuna mwisho.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza tunaipa Penguin RFA. Kijiti chenye sumaku hufungwa kwenye kipandikizi, ncha ya kifaa hukitetemesha kwa mawimbi ya sumaku bila kukigusa, na jibu huja kwa ISQ, namba ya uthabiti wa kipandikizi, kuanzia 1 hadi 100. Ikiwa chini ya 60, usiharakishe kuweka jino. Kuanzia 70, kipandikizi kimeshika vizuri. Kijiti chake, MulTipeg, ni cha titani: kinasafishwa kwa mvuke na kutumika tena.

Ya pili ni Osstell. Inapima kwa njia hiyohiyo, na ina vijiti vya karibu kila aina ya kipandikizi. Ila kijiti chake, SmartPeg, ni cha alumini, cha mgonjwa mmoja tu. Kama vipandikizi unavyotumia havimo kwenye orodha ya MulTipeg, basi Osstell ndiyo ya kwanza kwako.

Kwa zote mbili, kaza kijiti kwa vidole kupitia kishikio chake, spana iache. Weka ncha milimita 2 hadi 4 kutoka kwenye kijiti, upime upande wa shavu kisha kwa kufuata safu ya meno, na uamue kwa namba ndogo. Ukipata ISQ 45 kwa kipandikizi kilichoingia kwa Ncm 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza), shuku kijiti kabla ya mfupa: fizi imebanwa chini yake, au si cha saizi hiyo. Kifungue, safisha, funga upya.

Ya tatu, AnyCheck, hugonga kifuniko cha uponyaji, kile kinachokaa juu ya kipandikizi fizi ikipona, bila kukifungua. Hilo ni jambo kubwa wiki ya 3 na ya 4, mfupa wa zamani ukiwa unaondoka na mpya haujakomaa. Urefu wa kifuniko hubadili jibu, kwa hiyo linganisha vipimo vya kifuniko kilekile tu.

Periotest inashika mkia. Kipimo chake ni -8 hadi +50, namba ndogo ndiyo nzuri, lakini mkono ukiinama kidogo jibu linahama. Inawafaa zaidi wanaopima pia meno ya asili yanayolegea.

Spana ya toku, inayoonyesha nguvu ya kukaza, hatujaipanga: lazima uwe nayo, ila hupima siku ya kupandikiza tu. Kuirudia baadaye ni kuhatarisha mfupa uliokwisha kushika.