Nafaka Nzima za Kununua Mwanza, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Kama wiki hii una hela ya nafaka moja tu kwa ajili ya ugali wa nyumbani, nunua mtama mweupe. Ununue ukiwa punje, ukausagishe mwenyewe. Hilo ndilo jibu la aliye na haraka. Mwenye nafasi aendelee kusoma aone kwa nini mahindi yamepitwa, kwa nini ulezi ni wa pili, na kwa nini mfuko wa unga wa lishe ulioandikwa "nafaka 12" nimeuweka mkiani.

Punje ya nafaka ina ganda la nje ambalo hutoka kama pumba, ina kiini chenye mafuta na vitamini, na katikati kuna wanga. Sembe ni wanga mtupu karibu wote. Kiini na pumba vimekwenda kwa ng'ombe na kuku. Dona imebaki na vyote vitatu. Lakini mafuta ya kiini yakishasagwa na kukutana na hewa, unga huanza kunuka na kuwa mchungu, kwa hiyo unga wa nafaka nzima haukai muda mrefu kama sembe. Nunua punje, sagisha ya kula wiki mbili tatu, basi.

Sokoni usinunue kwa kuangalia juu ya gunia. Mwambie muuzaji, "Mama, naomba nione za katikati," kisha ingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nafaka kavu inapokea mkono na kutiririka vidoleni. Yenye unyevu inashikamana, na ndani kabisa utahisi joto. Nusa ulichochota. Ng'ata punje moja: kavu inapasuka kwa mlio, mbichi inabonyea. Ukinunua gunia zima, nenda mbele zaidi: chukua chupa safi iliyokauka, weka nafaka hadi theluthi, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo bado ina maji, usiihifadhi. Na punje zilizopakwa rangi, za pinki au kijani, ni mbegu zilizowekwa dawa. Hizo ni za shambani tu, hata zioshwe mara ngapi.

1. Mtama mweupe

Mtama wa huku unatoka Kwimba, Magu, Simiyu na Shinyanga, na mpya unaonekana baada ya mavuno, kuanzia Juni kwenda Agosti. Anayekaa Igoma au Buhongwa aulize bei hukohuko kwanza, kwa sababu magari ya barabara ya Musoma na ya Shinyanga hupita kwao kabla ya kufika katikati ya mji.

Mwekundu uache kwa sasa. Baadhi ya aina zake zina tanini, inayoleta uchungu na kuzuia mwili kufaidi protini yote iliyomo. Watengeneza pombe wanaupenda kwa sababu zao. Mweupe, kama ule wa mbegu fupi ya Macia, una ladha tulivu, na hata mtoto aliyezoea sembe anaukubali.

Tatizo lake ni mchanga. Mtama mwingi hupigwa chini, na kokoto moja inatosha kuharibu chakula cha watu sita. Chota kiganja, tia kwenye bakuli la maji, zungusha taratibu, mwaga maji na punje pamoja. Kilichobaki chini ndicho ambacho ungekula. Ukiona mchanga mwingi, nenda kwa mwingine. Ukiwa kidogo, nunua, upete, uoshe na uanike juani hadi ukauke kabisa kabla ya kwenda mashineni.

Mashine nayo ichague. Huku kwetu ziko mashine zinazosaga dagaa na mashudu kwa ajili ya chakula cha kuku, na unga wako utatoka na harufu hiyo hata mwenye mashine akikuambia ameisafisha. Tafuta inayosaga chakula cha watu peke yake.

Ugali wa mtama mtupu hukatikakatika. Watu wa mwambao wa ziwa wana dawa yake ya siku nyingi: udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Sehemu tatu za unga wa mtama kwa moja ya udaga, ugali unavutika na unamegeka vizuri kwa mchuzi wa sato. Udaga wa Sengerema siku hizi unavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko. Usizidishe hiyo robo, kwa sababu muhogo si nafaka na protini yake ni ndogo sana. Ukiufanya nusu kwa nusu utakuwa umepoteza ulichokifuata kwenye mtama. Anza na uji mwepesi, uache uchemke dakika tano hivi, ndipo usonge. Na tafadhali usichekeche pumba ukishafika nyumbani.

Siyo lazima uusage. Loweka punje usiku kucha, chemsha karibu saa nzima, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na kunde zilizoiva. Huo ni mlo kamili wa mchana, na ukiupika na dagaa wabichi kutoka soko la samaki la Mwaloni hutatamani wali.

Neno moja kwa wenye kisukari, maana najua wengi wameelekezwa mtama kwa sababu hiyo. Nyuzinyuzi za nafaka nzima husaidia sukari isipande kwa kasi, lakini wanga wa mtama ni wanga. Ukila mlima wa ugali, sukari itapanda. Punguza tonge, ongeza mboga na samaki, na dawa za daktari ziendelee. Muuzaji anayekuambia unga wake unatibu kisukari, usinunue kwake.

2. Ulezi

Kwa uji hauna mpinzani. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiwango ambacho mahindi na mchele hayakikaribii hata kidogo. Nimeupa nafasi ya pili kwa sababu bei yake kwa kawaida iko juu ya mtama, na ugali wa ulezi mtupu ni mzito, si kila nyumba itaula kila siku. Ulezi mzuri unaokuja Mwanza ni wa upande wa Tarime. Angalia mchanga kwa makini kuliko kwenye mtama, kwa sababu punje zake ni ndogo na mchanga hujificha humo.

Ukitaka kuchanganya ulezi na mahindi au mtama, saga kila kimoja peke yake kisha changanya unga. Ukivitia mashineni pamoja, punje ndogo za ulezi hupita kwenye chujio kabla hazijasagika vizuri.

Mwenye mtoto aliyefikisha miezi 6 anunue ulezi kidogo wa ziada kwa ajili ya kimea. Loweka usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, siku mbili au tatu, kisha anika, sugua vichipukizi vitoke, saga. Pika uji mzito, uache upoe uwe vuguvugu, tia kijiko cha kimea na ukoroge: utauona ukilainika mbele yako. Urudishe jikoni uchemke kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa maji mengi unamjaza kabla hajapata chakula, lakini huu uliolainishwa kwa kimea unamezeka kirahisi huku unga wake ukiwa mwingi. Kimea kiwe cha ulezi. Mtama ukichipua hutengeneza sumu ya sianidi kwenye vichipukizi.

3. Mahindi ya dona

Yanapatikana kila mtaa, kila mtu anajua kuyapika, na dona ni hatua kubwa mbele ya sembe. Yangekuwa ya pili kama si sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na moto wa jikoni hauiondoi. Mahindi na karanga hushambuliwa kirahisi kuliko mtama na ulezi. Chagua punje moja moja nyumbani: zilizooza, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizovunjika zitupwe, wala usimpe kuku. Nusu saa ya kuchagua ni kazi, lakini ifanye. Ukihifadhi ya miezi, tumia mifuko isiyopitisha hewa kama PICS. Dumuzi na fukusi hufa humo bila dawa.

4. Uwele

Una madini ya chuma mengi, na ukiupika na mboga za majani na kukamulia limao, mwili huyachukua vizuri zaidi. Chai ya rangi mezani hufanya kinyume. Umeshuka hadi hapa kwa sababu unga wake huharibika haraka kuliko wote niliowataja. Saga wa siku chache tu.

5. Mchele usiokobolewa sana, na atta (unga wa ngano nzima)

Kama una mpunga wako wa Magu au Misungwi, mwombe mwenye mashine aukoboe mara moja tu. Wa kahawia wa supermarket ni mzuri ila bei haina sababu. Unga wa atta utafaa kwa chapati za Jumapili.

6. Unga wa lishe wa mfukoni

Najua unanunuliwa kwa upendo, hasa na kina mama wenye watoto wadogo, na ndiyo maana nausema waziwazi. Zikiandikwa "nafaka 12", ndani utakuta soya, karanga, mbegu za maboga, hata dagaa, na hizo si nafaka. Huwezi kuona punje zilikuwaje kabla ya kusagwa. Karanga zinaongeza hatari ya sumukuvu na mafuta yake yanaufanya mfuko mzima uharibike mapema. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri inazuia usagaji wa protini tumboni. Mtoto akiharisha au akitoka vipele, hutajua ni kipi kati ya vitu 12.

Ukilazimika, tafuta alama ya TBS, tarehe ya kusagwa isiyozidi mwezi, na mfuko usio na karanga. Muulize anayeuza kama soya imekaangwa, asipojua, rudisha. Vinginevyo nunua ulezi na mtama, saga, na karanga ulizozichagua kwa mkono zitwange na kuzitia kwenye sufuria uji ukikaribia kuiva.