Ofisi ya Upimaji na Mipango ya Ardhi Nakuru: Tathmini ya Mteja Mwenye Ekari Mbili Njoro

Ofisi ninayoitathmini iko ghorofa ya pili katika jengo moja katikati ya jiji la Nakuru, na sitaitaja jina kwa sababu kuna jambo kati yangu na mkuu wake ambalo bado hatujalimaliza. Kazi yao ni kupima ardhi, kuchora ramani za ugawaji na kumwombea mteja vibali vya kaunti. Niliwatumia kwa miezi tisa kwa ajili ya shamba la mama, ekari mbili upande wa Njoro, na kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Karibu nyota zote hizo ni za mfanyakazi mmoja, mtaalamu wa mipango ya ardhi, ambaye alinikatalia kile hasa nilichokuwa nimekwenda kukinunua.

Nilikwenda na hesabu ya dalali. Ekari mbili ni futi za mraba 87,120, na ploti ya futi hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, kwa hiyo yeye aliona ploti 16 na sehemu ndogo ya kubakiza barabara. Mama alitaka kila mmoja wetu watatu apate pake kabla hajazeeka zaidi. Mimi nilitaka pia vyumba 20 vya kupangisha, kwa sababu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton hawaishi kutafuta mahali pa kulala, na bei ya mahindi kila mtu anaijua. Mkuu wa ofisi alinisikiliza kwa dakika kumi, akaniuliza kama hati miliki ipo, akasema shamba likishakuwa letu hakuna wa kutuzuia, kisha akapokea malipo ya kwanza. Niliondoka nikiwa na furaha, jambo ambalo sasa naona lilipaswa kunitia shaka.

Wiki iliyofuata mtaalamu wa mipango alikuja shambani akiwa na futi kamba ndefu, na wala hakuanzia kwenye mpaka kama nilivyotarajia. Alianzia kwenye kisima cha mama. Alifunga ncha ya futi kamba kwenye nguzo ya kisima, akatembea hadi mita 30, akachomeka kijiti, kisha akafanya hivyo kila upande hadi vijiti vikazunguka kisima kama boma. Alieleza kwamba huo ndio umbali ambao watu wa afya ya umma huutumia mara nyingi kutenganisha kisima na choo cha shimo. Halafu akanichorea kwenye udongo ploti moja ya hamsini kwa mia, ambayo kwa mita ni kama 15 kwa 30, akaniomba niweke kisima na choo ndani yake. Niliviweka kona kwa kona, kimoja huku na kingine kule, vikapatana kwa shida. Akaniomba niweke nyumba katikati, kisha akachora ploti ya jirani yenye choo chake mita mbili kutoka kisima changu. Sikuwa na jibu. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa tayari yana floridi nyingi, na meno ya watu wa kwetu yanaonyesha hivyo. Kuyaongezea majitaka ya familia 16 kungekuwa kazi yetu wenyewe.

Barabara nayo ilimega hesabu. Shamba lina urefu wa karibu mita 120, na njia ya mita tisa inayopita urefu wote huchukua mita za mraba 1,080, zaidi ya robo ekari. Dalali alikuwa ameipa barabara upana wa mkokoteni.

Nilimwambia bila kuficha kwamba naona nanyang'anywa. Baba alilipia shamba hili kwa miaka mingi, na sasa afisa wa kaunti aniambie nijenge wapi na nyumba ngapi? Hakunibishia. Alitoa Katiba ya 2010 kwenye mkoba, akaniomba nisome mwenyewe Kifungu cha 40, kinacholinda haki ya kumiliki mali na kudai fidia ya haki na ya haraka Serikali inapotwaa ardhi, kisha Kifungu cha 66, kinachoiruhusu Serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa sababu kama vile afya ya umma, usalama na mipango ya matumizi ya ardhi. Aliniuliza ni kipi kati ya vile viwili kilichokuwa kikinitokea. Hakuna aliyetaka kulichukua shamba; nilikuwa naambiwa tu kwamba choo changu kisimwage ndani ya kikombe cha jirani. Hata hivyo sikukubaliana naye katika kila jambo, na bado sikubaliani. Upande wa Kiamunyi na Ngata mashamba ya mahindi yamegeuka mitaa ya nyumba, na wengi waliouza walisomesha watoto kwa fedha hizo. Kumwambia mwenye ekari mbili leo kwamba vijijini pabaki mashamba ni rahisi kwa mtu ambaye mshahara wake hautoki shambani. Nilimwambia hivyo, naye akakiri kwamba mpango usioacha nafasi ya kipato hauheshimiwi na mtu yeyote.

Kutokana na mabishano hayo ndipo ulipotoka mchoro tulioutumia: sehemu tatu za watoto, ukanda mmoja wa chini unaobaki shamba, na jengo moja la vyumba sita karibu na barabara, vyote vikitumia tangi moja la majitaka lililo upande wa mteremko, mbali na kisima. Ni chini ya theluthi moja ya vyumba nilivyoviota. Lakini niliona jinsi kila mstari ulivyopatikana, na mchoro wa namna hiyo nauthamini kuliko ule unaochorwa mezani mjini.

Kwa kuwa tulikuwa tunaomba kubadilisha matumizi ya sehemu ya shamba, bango la tangazo liliwekwa langoni. Mzee wa shamba la pili alilisoma, akaja jioni akiwa na fimbo yake.

"Mwanangu, hayo maji ya vyoo yatateremka wapi?"

"Hayatafika kwako, mzee. Karibu uone mchoro."

Mtaalamu alirudi siku ya pili kwa gharama yake mwenyewe, akamtembeza mzee kutoka kijiti hadi kijiti. Mzee aliomba tangi lisogezwe hatua chache, likasogezwa, na hakupeleka pingamizi. Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma iliyostahili fedha zangu.

Kwenye bodi ya ardhi pia walituandaa vizuri. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inafanya ugawaji wa shamba la kilimo kuwa batili bila idhini ya bodi, na mama alielezwa mapema kwamba angeulizwa kama watoto wote wamekubali. Tulikwenda wote, tukamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nije kwa mkuu. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Siku moja mkuu alinipigia simu kunipongeza kwamba siku 60 zimekwisha, nilete fundi. Kumbe alikuwa amezihesabu tangu siku niliyomlipa yeye! Mtaalamu alinionyesha mhuri wa kupokelewa kwa maombi kaunti: yalikuwa yamekaa ofisini kwao karibu wiki sita kabla ya kupelekwa. Kama ningemsikiliza mkuu, ningekuwa nimejenga bila kibali, kosa ambalo chini ya sheria hiyo hiyo lina faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Nilipomuuliza, alijibu kwamba wengi hujenga hivyo hivyo. Sikumlipa fedha zangu ili aniambie wanavyofanya wengi.

Malalamiko mengine ni madogo. Risiti hutolewa baada ya kuombwa mara mbili, simu ya mapokezi haishikwi siku za Jumatatu, na ada ya usafiri ilipanda katikati ya kazi bila maelezo. Vijana wanaochomeka mawe ya mpaka, kwa upande mwingine, ni hodari. Walifika saa moja asubuhi, wakafukia kila bikoni vizuri, wakamwonyesha mama zilipo moja baada ya nyingine hadi akazikariri.

Kibali cha maandishi kilikuja hatimaye, kikiwa na sharti kwamba ukanda wa chini usijengwe. Dada yangu anaona tumejifunga wenyewe, na huenda siku moja atataka turudi kuomba libadilishwe, kwani ni haki yake. Mwenye shamba anayetaka kuambiwa ukweli kuhusu ardhi yake kabla ya kulipa fundi atafaidika na ofisi hii, mradi aombe kwa jina la kazi yake mtaalamu wa mipango tangu siku ya kwanza, ahakikishe anaziona tarehe za mihuri kwa macho yake, na asikubali kumaliza mazungumzo kwenye meza ya mkuu. Mimi bado namdai mkuu risiti mbili, na nikirudi pale nitauliza kwanza kama yule mtaalamu bado anafanya kazi nao.