Santuri za 45 au za 78: uanze na zipi Mombasa?

Ukitaka kukusanya santuri za zamani ukaniuliza mimi, anza na za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Ni ndogo, inchi 7, za plastiki, zinavumilia, na ndimo ilimojaa taarabu ya pwani ya miaka ya 60 na 70, zikiwemo za lebo ya Mzuri ya hapa hapa Mombasa. Majuzi, nyumba moja ya Kibokoni, mama mmoja alinitolea mkebe mkubwa wa biskuti. "Tazama mwanangu, kama zakufaa." Ndani mlikuwa na santuri 11 bila mifuko yake, zimeshikamana kwa unyevu. Niliosha moja kwa maji vuguvugu na tone la sabuni, nikichunga karatasi ya katikati isilowe. Sindano iliposhuka ilikwaruza kidogo, kisha udi ukaingia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua. Jina lake limefutika kwenye karatasi. Nilirudia wimbo ule hadi adhana ya alfajiri.

Za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni jambo jingine. Ni za shelaki, aina ya utomvu mkavu unaovunjika upesi, nzito, na ikianguka sakafuni imekwisha. Spiriti usiiguse nayo, huiyeyusha. Mifuo yake, ile mistari inamopita sindano, ni mipana, hivyo yataka sindano yake yenyewe; ile ya 45 huzama chini ikaokota kelele nyingi. Upande mmoja ni kama dakika 3. Lakini humo ndimo ilimo enzi ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Mimi ninazo mbili tu, na moja ina ufa.