Kabla ya kununua handira, omba bakuli la maji

Mwezi wa nne mwaka jana, siku tatu kabla ya arusi ya mpwa wangu, nilitoa sandukuni handira, lile vazi la sufu la wanawake wa milima ya Moroko, niliyoinunua Marrakech. Nilikuwa nimeikusudia kwa kitanda cha fungate. Mvua za masika zilikuwa zimeanza hapa Mombasa na nyumba nzima ina unyevu. Nilipoikunjua, chumba kikanuka bwawa la kuogelea. Haikuwa harufu ya kondoo wala ya nguo iliyokaa; ilikuwa ile dawa tunayotia kwenye mashuka meupe, jiki tupu. Nikaiosha kwa mkono, maji baridi, polepole. Sufu ikateleza vidoleni kama mlenda na nyuzi zikaanza kunibakia viganjani. Asubuhi yake, ikiwa bado kambani, katikati palikuwa na tundu la kupitisha mkono.

Nililipa dirham 2,800. Mwenye duka aliniita dada, akanipa chai ya nanaa, akaapa kwamba kitambaa kina umri wa miaka sitini na kilivaliwa na bibi arusi wa milimani. Tangu hapo wasomaji wamenisimulia habari zinazofanana na yangu: mmoja wa Maskati, ambaye handira yake ilichanika akiitandika tu, na mwingine aliyeko Uholanzi, ambaye fundi wa kusafisha nguo aliikataa ya kwake. Kwa hiyo leo napanga nguo hizi za wanawake wa Kiamazigh, wale tuliowasoma shuleni kwa jina la Waberberi, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi. Ukubwa na mapambo utachagua mwenyewe, jicho ni lako. Mimi nataka kusema juu ya klorini, ile dawa iliyomo kwenye jiki, kwa sababu sijaona mnunuzi anayeiuliza.

Kwanza, jina. Madukani utaambiwa ni "blanketi la harusi". Handira, au tahendirt kwa Kitamazight, lugha ya wanawake hao, ni vazi. Mwanamke wa milima ya Atlas ya Kati, Moroko, hulitupia mabegani likamkinga na baridi ya milimani, na siku ya sherehe huvaa lile lililopambwa zaidi. Ndiyo maana nyingi zina nyuzi ndefu upande mmoja: ni za joto, na theluji haishiki kirahisi juu yake. Vile vipande vidogo vya bati vinavyong'aa huitwa muzun, kwa jina la sarafu ya zamani ya Moroko. Handira hufumwa na wanawake, nyumbani, kwenye kitanda cha mfumi kilichosimamishwa wima, kwa sufu na pamba pamoja.

Hiyo "sufu na pamba pamoja" ndiyo iliyoniponza. Sufu ni protini, sawa na nywele zako. Klorini huila, ukiiweka kwenye dawa kali muda wa kutosha inayeyuka kabisa. Pamba huvumilia. Sasa chukua handira: vishada vyeupe vya pamba vimeshikiliwa na msingi wa sufu. Muuzaji anailoweka ili madoa na moshi wa jikoni viondoke, maana wateja wa Ulaya wanataka nyeupe ya picha. Vishada vinatakata, vinapendeza, unaona kitu kizima mbele yako. Chini yake msingi umeshaliwa. Unabeba nguo ambayo mapambo yake ni mazima na mwili wake umekufa. Sufu iliyopigwa dawa hiyo pia hugeuka manjano kidogo, na manjano hiyo hiyo ndiyo unayoonyeshwa kama ushahidi wa uzee. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Kuoshwa peke yake si kosa. Wanawake wenyewe huosha sufu mtoni na kuianika juani, na sufu ikabaki na nguvu zake. Tatizo ni dawa.

Namna ya kuigundua ni hii. Omba bakuli la maji ya uvuguvugu. Duka la Moroko halikosi maji, chai yenyewe wanakupikia hapo hapo. Chovya pembe moja ya kitambaa, iminye, uikunje kwenye kiganja dakika mbili, kisha unuse. Sufu njema yenye maji hunuka kondoo, tena sana. Ikinuka bwawa, au ikinuka manukato mazito waliyonyunyizia kufunika, rudisha. Halafu isugue ile pembe kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi utelezi wa bamia, nyuzi zimeshaanza kuoza. Mwisho vuta uzi mmoja wa matamvua ukiwa mbichi. Sufu yenye afya hunyooka kwanza, inakuvutana, ndipo ikatike. Iliyoliwa hukatika papo hapo, bila kunyooka. Kama handira ina mistari ya rangi, panua nyuzi uone ndani: jua hupausha juu tu na kuacha rangi iliyokolea chini, dawa hupausha mpaka shinani.

Mwenye duka akikataa maji, umeshajibiwa.

Ninayoiweka ya kwanza ni handira mpya inayotoka kwa wafumaji wenyewe, na hapa sifichi upande wangu: nanunua Anou. Ni ushirika wa mafundi wa Moroko wanaouza kwa intaneti wenyewe, bei wakipanga wao, na kila kipande kinakuja na jina la aliyekitengeneza. Wameanzisha pia Atlas Wool Supply Co. ili wafumaji wapate sufu ya kueleweka, kwa sababu fundi mzuri akipewa uzi mbovu hana la kufanya. Wapo wanaoniambia handira mpya haina historia. Ina historia ya mwanamke aliye hai, ambaye unamjua kwa jina na ambaye pesa imemfikia. Nikilinganisha na hadithi ya miaka sitini niliyouziwa mimi, najua ipi ni ya kweli.

Ya pili ni ile ambayo watu huipita dukani bila kuitazama: tahendirt ya kabila la Ait Hadiddou, kutoka pande za Imilchil, Atlas ya Juu, Moroko hiyo hiyo. Haina muzun. Ni sufu nzito yenye mistari, bluu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na mpangilio wa mistari humtambulisha mwenyewe ni wa tawi gani la kabila. Ait Brahim wana yao, Ait Yazza wana yao. Sisi wa pwani tulioelewa tangu utotoni kwamba leso huzungumza, na kwamba kisutu si cha kuvaa kiholela, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini sababu yangu ya kuipandisha hivi ni nyepesi: nyeusi na bluu haziwezi kulowekwa kwenye klorini zikabaki nyeusi na bluu. Ulaghai hauna pa kujificha. Kama unanunua mara ya kwanza na unaogopa, anza na hii.

Ya tatu inatoka Tunisia ya kusini, vijiji vya Matmata, Douiret na Chenini. Ni mtandio mkubwa wa sufu uitwao bakhnug, na mdogo wake wa kichwani huitwa tajira. Nakiri kwamba kwa uzuri mtupu ningeuweka wa kwanza. Mfumaji hufuma kwa sufu nyeupe na pamba nyeupe, nakshi za pamba juu ya sufu, kiasi kwamba ukiwa mpya hauoni vizuri kilichochorwa. Kisha mtandio hutiwa rangi. Sufu hunywa rangi, pamba huikataa, na zile nakshi zote hutokea ghafla, nyeupe juu ya wekundu au juu ya nili. Kwa desturi, msichana huvaa mweupe, mwanamke aliyeolewa mwekundu, mtu mzima bluu iliyokolea karibu na weusi, na mtandio ule ule unaweza kurudishwa kwenye chungu cha rangi kadiri umri wa mwenyewe unavyosogea. Wanawake hawa walijua tofauti ya sufu na pamba wakaigeuza kuwa pambo. Muuzaji wangu wa Marrakech ama hakuijua, au aliijua akanyamaza. Nimeuweka wa tatu kwa kuwa mizuri ni michache na ya zamani huwa na viraka; kagua mikunjo, hapo ndipo hukatikia.

Ya nne ni gauni la arusi la Siwa, kule jangwani Misri, ambako bado wanazungumza lugha yao ya Kisiwi. Ni pana, jeupe au jeusi, na tarizi hutoka shingoni kama miale ya jua, rangi ya machungwa, nyekundu, njano, kijani, ambazo wenyewe husema ni rangi za tende zinavyoiva, pamoja na vifungo vya chaza. Hapa klorini hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mengi ya madukani siku hizi ni ya kitambaa cha poliesta. Choma uzi mmoja: ukiyeyuka na kuacha tone gumu, lipe bei ya poliesta.

Vya bei nafuu, vile vya akriliki vilivyoshonewa ving'aring'ari vya plastiki kwa mashine, nunua kama unataka foronya. Si zaidi.

Sasa bei. Anayekupeleka dukani, awe mtembeza wageni au kijana aliyejitolea kukuonyesha njia, ana cha juu chake, na hicho kinaingizwa kwenye bei yako. Juu yake kuna mwenye duka, na dalali aliyeshuka nayo kutoka kijijini. Mwanamke aliyekaa mbele ya kitanda cha mfumi wiki kwa wiki ndiye anayepata kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni kidogo mno. Kisha nguo yake inalowekwa kwenye dawa ili ionekane si yake, ionekane ya marehemu fulani asiyedai kitu. Nikilitazama lile tundu silioni kama hasara yangu peke yangu. Kuna mtu alikaza kila kishada pale kwa vidole vyake, akavikaza sawasawa, maana mpaka leo vishada vyenyewe ni vizima, nimevihifadhi kwenye bakuli.

Mpwa wangu alitandikiwa leso za mamangu. Handira ya Anou ilifika miezi miwili baadaye, kwa mkono wa dada yangu anayeishi Rotterdam. Nilichovya pembe kwenye maji kabla hata ya kuvunja fundo la pili la kamba. Ilinuka kondoo.